Kuchagua mikono ya juu ya sespensheni baada ya kuinua gari: boljointi iliyofungwa au yuniboli?

Swali

Ndugu zangu, salaam. Ninalo gari aina ya Toyota Land Cruiser Prado 120 ambalo limebadilishiwa springi na shokapu za mbele, na sasa limesimama takriban milimita 60 juu ya kimo chake cha kiwandani. Njia ninazopita ni za mawe na makorongo, zenye vumbi jingi wakati wa kiangazi na tope zito mvua zinaponyesha. Tangu liinuliwe, usukani haurudi wenyewe katikati baada ya kona kama ulivyokuwa ukirudi zamani, na mwendo ukiongezeka kwenye lami, gari hutangatanga kiasi kwamba mikono yangu haipumziki. Aidha, gurudumu la mbele linaponing'inia, husikika mlio wa chuma kugonga chuma. Nilipochungulia, niliona mkwaruzo mpya kwenye springi, pale inapokaribiana na mkono wa juu (chuma kinachounganisha fremu na sehemu ya juu ya kishikio cha gurudumu).

Fundi aliyepima alaimenti (pembe za magurudumu) alinipa karatasi inayoonyesha kasta, ile pembe inayolinyoosha gurudumu, ya digrii 1.0 kushoto na 1.4 kulia, akaniambia kwamba bolti za marekebisho zimefika mwisho wake. Ninafikiria kununua mikono ya juu isiyo ya kiwandani, lakini nimekwama katika uchaguzi. Je, nichukue yenye boljointi iliyofungwa (kiungo cha mpira wa chuma kilichofunikwa) au yenye yuniboli (kiungo cha namna hiyo kilicho wazi)? Bushi, yaani vikombe laini vinavyoushika mkono kwenye fremu, ziwe za mpira au za poliyurethani (plastiki ngumu)? Na je, mikono ya chini nayo nibadilishe?

Jibu la kwanza

Wa alaikum salaam, ndugu. Dalili zako zote zinatoka mahali pamoja, na umefanya vyema kuja na vipimo, kwa sababu watu wengi hununua mikono hii kwa kuitazama rangi yake.

Mkono wa juu hauinui gari, wala haulipi uwezo wa kubeba mzigo zaidi. Katika gari lako springi na shokapu zimekaa juu ya mkono wa chini, kwa hiyo uzito wa mbele unapita huko, na kazi kubwa ya mkono wa juu ni kuishika stabu ekseli (chuma kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo) katika pembe sahihi wakati gurudumu linapanda na kushuka. Gari likiinuliwa, mikono yote miwili huinama kuelekea chini, pembe za gurudumu hubadilika, na boljointi ya juu huanza kufanya kazi karibu na ukomo wake hata gari likiwa limesimama tu. Bolti za marekebisho kwenye mkono wako wa chini hugawana kazi mbili, kemba (mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje, likitazamwa kutoka mbele) na kasta. Zikishatumika kuisimamisha kemba, hakuna kinachobaki kwa ajili ya kasta, na ndiyo maana karatasi yako inasoma hivyo.

Kasta ni mlalo wa mstari unaopita katika boljointi ya juu na ya chini, ukitazamwa kutoka ubavuni mwa gari. Sehemu ya juu ikilala nyuma, mahali tairi linapokanyaga ardhi hubaki nyuma ya pale mstari huo unapoigusa ardhi, na gurudumu huvutwa kunyooka lenyewe. Mlalo ukipungua, mvuto huo hupungua, na usukani hukosa hamu ya kurudi katikati. Kwa sababu hiyo jambo la kwanza la kumwuliza muuzaji ni hili: mkono huu unaongeza kasta kwa digrii ngapi, na umetengenezwa kwa kiwango gani cha kuinuliwa? Mingi iliyo mizuri huisogeza boljointi nyuma kiasi cha kuongeza digrii 2 hadi 4. Muuzaji asiyeweza kulijibu swali hilo kwa namba, mwache.

Swali la pili ni nafasi kati ya mkono na springi. Mkwaruzo uliouona ni mkono wa kiwandani ukiigusa springi gurudumu linapofika chini kabisa, na mikono mizuri hupindwa au huchongwa ili iikwepe. Tahadhari moja hapa: boljointi ya juu ikisogezwa nyuma, gurudumu nalo husogea nyuma kidogo. Ikiwa matairi yako ni makubwa kuliko ya kiwandani, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, uangalie kama yatagusa sehemu ya nyuma ya tao la gurudumu.

Mikono ya chini usiiguse, isipokuwa imepinda au bushi zake zimekufa. Ndiyo inayobeba uzito, na ile ya kiwandani ni imara. Fedha hiyo ielekeze kwenye boljointi mpya za chini kama zilizopo zina mchezo.

Kuhusu kiungo chenyewe, kwa vumbi na tope ulilolieleza ningechukua boljointi iliyofungwa, yenye kifuniko cha mpira na nipeli ya grisi (tundu la kuingizia grisi), iliyotengenezwa kwa pembe pana kuliko ya kiwandani.

Jibu la pili

Ninakubaliana na mwenzangu katika karibu kila jambo, lakini yuniboli nayo itendewe haki. Ni mpira wa chuma unaozunguka ndani ya pete yenye utando mwembamba wa tefloni, na pembe inayoiruhusu ni kubwa kuliko ya boljointi nyingi. Kwa mtu mwenye shokapu ndefu, ambaye gurudumu lake hushuka chini sana, tofauti hiyo ina maana kubwa. Tena ikichakaa, hutolewa peke yake na kuingizwa nyingine.

Udhaifu wake ni kwamba iko wazi. Mchanga ukiingia kati ya mpira na utando, husaga taratibu, na baada ya muda utasikia mlio mdogo wa kugonga kila unapopita kwenye tuta. Wapo wanaoipaka grisi wakidhani wanaisaidia, kumbe grisi hukamata mchanga na kuushikilia pale pale unapodhuru. Yuniboli yenye tefloni huoshwa kwa maji safi, hukaushwa, na kama ni lazima hupuliziwa kilainishi kikavu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama shokapu zako zinaihitaji pembe hiyo kubwa. Zikiwa na urefu wa kawaida wa gari lililoinuliwa kwa milimita 60, zitafika mwisho wake kabla boljointi nzuri haijafika mwisho wake, na pembe ya ziada ya yuniboli haitatumika kamwe. Zaidi ya hapo kuna jointi za shafti za mbele, ambazo nazo zina ukomo wa pembe. Kulishusha gurudumu zaidi ya ukomo huo ni kutafuta kuzipasua.

Mwuliza swali

Ninawashukuru sana. Shokapu zangu ni za urefu huo wa kawaida, kwa hiyo nimeelewa kwamba boljointi iliyofungwa inanitosha. Matairi nitayapima. Lakini nikisimama mbele ya mikono miwili, yote ikiwa imeandikwa kuongeza digrii 3, ninawezaje kutambua iliyo bora? Na bushi je?

Jibu la tatu

Ndugu, anza na kikombe kinachoshika boljointi, kwa sababu hapo ndipo bomba au bamba la mkono linapokutana na nguvu zote. Mshono wa kuchomelea unapaswa kuwa na mawimbi yanayolingana, bila vitundu, na bila mfereji uliolika kando yake, maana mfereji huo ndio mahali ufa unapoanzia. Pitisha ukucha kandokando ya mshono. Rangi nene ya unga huweza kuficha mengi kwa macho, lakini ukucha hukwama penye shimo. Kisha uliza kama boljointi inaweza kubadilishwa peke yake, na kama ni ya saizi inayopatikana kirahisi. Mkono unaotupwa mzima kwa sababu kiungo kimechakaa ni hasara, hata kama bei yake ya kwanza ilikuwa ndogo.

Chuma cha bomba, bamba lililoungwa kuwa sanduku, na alumini iliyofuliwa vyote vinaweza kuwa vizuri. Mimi napendelea chuma kwa njia za mawe, kwa kuwa kikizidiwa hupinda na kuonekana.

Bushi za mpira ni tulivu, hazihitaji matunzo, na zinalisamehe vumbi. Za poliyurethani huushika mkono kwa uthabiti zaidi na hudumu, lakini hulia zikikauka, kwa hiyo zisipokuwa na nipeli ya grisi utalazimika kuzifungua mara kwa mara. Kwa gari linalosafiri masafa marefu na familia ndani, ningechagua mpira.

Jibu la nne

Naomba kuongeza neno kwa wasomaji wenye magari ya ekseli nzima mbele (ekseli moja inayounganisha magurudumu yote mawili), wasije wakauchukua ushauri huu kama ulivyo. Jeep Wrangler JK ina mikono minne kwa kila ekseli, na kubadilisha urefu wa mikono huizungusha ekseli yote. Ukiongeza kasta mbele, pua ya difu hushuka na pembe ya propela shafti huongezeka, na mtikisiko unaweza kuanza. Huko mikono inayorekebishika urefu ina faida ya kweli, kwa sababu unatafuta mahali ambapo usukani unatulia na shafti haitetemeki.

Jibu la tatu, nyongeza

Siku ya kufunga, ondoa springi upande mmoja, uache mkono na stabu ekseli tu, kisha lipandishe na kulishusha gurudumu kwa jeki kutoka mwisho hadi mwisho. Tazama nafasi kati ya mkono na bodi, na uhakikishe kwamba mpira wa breki na waya wa ABS havivutwi usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho.

Bolti za bushi za mpira zisikazwe gari likiwa limening'inia. Mpira huo umeshikamana na bomba lake la ndani na hufanya kazi kwa kujisokota, kwa hiyo ukiukaza gurudumu likiwa chini, utabaki umesokotwa kila gari linaposimama, na utachanika mapema. Zishikize kidogo tu bila kuzikaza, rudisha springi, shusha gari likanyage ardhi kwa uzito wake, ndipo ukaze kwa spana ya kupimia nguvu. Nati ya boljointi ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, na tundu la pini lisipolingana, songa mbele hadi lilingane, usilegeze kurudi nyuma.

Halafu nenda kwenye alaimenti siku hiyo hiyo. Mwambie fundi aanze kwa kurudisha bolti za mkono wa chini katikati, asahihishe kemba, atafute kasta ya karibu digrii 3 au zaidi kidogo kwa pande zote mbili, na amalizie na mwelekeo wa magurudumu. Baada ya kilomita mia chache za njia mbaya, kagua tena kila bolti. Alama ya rangi uliyoichora kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma itakuonyesha mara moja iliyosogea.