Pointi za madiko na miamba Pemba: nyuzi za desimali, dakika au UTM?

Katibu_Wete
Asalaam alaykum wanajamvi. Kamati yetu ya wavuvi inaandaa daftari la pointi: madiko (pahala pa kushushia samaki), milango ya mwambani, pahala pa kutia nanga upepo ukichafuka. Kila mtu kaleta kwa mtindo wake. Pahala pamoja upande wa kisiwa cha Misali, kwa latitudo, vijana wanaandika 5.246, manahodha 5°14.760′, na wanaofuata karatasi za zamani 5°14′45.6″. Tushike upi?

Mwana_wa_Dau
Waalaykum salaam. Kwa bahari shika wa manahodha, nyuzi na dakika za desimali. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Nahodha aliye 5°14.760′ anayekwenda 5°17.760′ anajua papo hapo kuwa zimebaki maili tatu kusini, hahitaji kikokotozi. Ramani za baharini zimeandikwa hivyo, na GPS nyingi za boti pia. Tarakimu tatu baada ya nukta zinatosha, maana ya mwisho ni kama mita mbili.

Bint_Mkoani
Chomboni sawa. Lakini anayepokea habari nchi kavu ana simu tu, na Google Maps mtindo wake ni nyuzi za desimali. Hapo alama ya kutoa ni lazima, tuko kusini ya Ikweta. Andika 5.246, 39.600 bila hiyo alama, unapelekwa kusini mwa Ethiopia, jirani na mji wa Negele. Ukipindua, ukaanza na 39.600 halafu -5.246, unatua Hispania. Na kupindua ni rahisi mno, kwa sababu faili za GeoJSON, za kuhifadhia data za ramani kwenye kompyuta, zinatanguliza longitudo.

Mwana_wa_Dau
Ndiyo maana nasisitiza herufi S (kusini) na E (mashariki). Kile kistari kidogo mtu akinakili kwa mkono, karatasi ikirowa, hakionekani tena.

Katibu_Wete
Na kubadilisha je? Nimeona mtu anahamisha nukta tu.

Mwalimu_Chake
Asihamishe mtu nukta! Dakika zinagawanywa kwa 60, si kwa 100. Chukua 14.760 gawa kwa 60, unapata 0.246, jumlisha na 5, ni 5.246. Kurudi, 0.246 mara 60 ni 14.760. Ukitaka sekunde, ile 0.760 izidishe tena kwa 60, ni 45.6. Anayeona 5°14.76′ akaandika 5.1476 ameisogeza pointi karibu kilomita 11 kaskazini. Fikirini chombo kimepinduka, watu wako majini, na boti ya kuwaokoa inazunguka kilomita 11 mbali nao. Kwa hivyo kila pointi ibadilishwe na mtu mmoja, wa pili airudishe mtindo wa mwanzo. Zisipolingana, haiingii daftarini.

Mpimaji_Ugj
Sisi wa viwanja tunatumia UTM, mfumo wa ramani unaohesabu kwa mita badala ya nyuzi; hapa ni ukanda wa 37 kusini. Hapo pako ni mashariki takriban 566,500, kaskazini 9,420,100. Kupimia eneo la shamba haina mpinzani, ila baharini siishauri.

Kubwa zaidi, katibu, zile karatasi za zamani zinatumia datumu gani, yaani kipimo cha umbo la dunia na kianzio ambacho nambari zinahesabiwa? Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa Arc 1960, GPS inatumia WGS 84. Nambari zile zile, lakini pahala panatofautiana kwa takriban mita 300. Kwenye mlango wa mwamba, mita 300 ni kupasua chombo.

Katibu_Wete
Nimeangalia sasa hivi. Chini ya ramani waliyonakili imeandikwa Arc 1960. Hizo zote naziweka kando mpaka zipimwe upya. Daftari litakuwa la dakika za desimali pamoja na S na E, na safu ya pili ya nyuzi za desimali kwa wenye simu. Juu ya kila ukurasa tutaandika WGS 84. Shukrani sana nyote.

Mwana_wa_Dau
Vyema. Kupima upya ngojeni bamvu, maji yakitoka miamba ionekane. Chombo kisimame katikati ya mlango, si ukingoni, GPS iachwe itulie kwanza ndipo pointi ihifadhiwe. Mlango mpana chukueni pointi mbili, ya nje na ya ndani, ili nahodha ajue anaelekea wapi akiingia usiku.