Kamati ya Kulwa

*Kulwa:* Shikamooni. Barua ya baraza la usuluhishi wa ndoa imefika, mimi na mume wangu tunaitwa Alhamisi saa tatu asubuhi, ofisi ya kata. Baba Juma anatamba huko sokoni Mwaloni eti ameshaweka wakili. Mimi nikimwona tu mdomo unakauka. Nani ataniongelea?

*Mjomba Lukas:* Marahaba. Kuna kijana anashinda nje ya mahakama, ana tai na mkoba. Elfu themanini tu, anasimama popote.

*Shangazi Tabu:* Lukas!! Kishoka yule. Wakili gani ofisi yake ni kivuli cha mwembe?

*Mama Neema (jirani):* Kulwa, tulia. Kwenye baraza la usuluhishi la ndoa wakili haruhusiwi kabisa, awe wake awe wako. Imo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Anayeweza kukusemea ni mtu wa familia yako. Mwingine yeyote mpaka baraza limkubali.

*Masanja:* Basi naenda mimi. Baba Juma atanieleza vizuri yule mwanamke wa Ukerewe ni nani.

*Shangazi Tabu:* Wewe uliyemrushia beseni la dagaa?

*Masanja:* Halikumpata 😂

*Shangazi Tabu:* Kaa nyumbani. Naenda mimi.

*Mjomba Lukas:* Na wasipopatana?

*Mama Neema:* Baraza linatoa Fomu Na. 3, kwamba usuluhishi umeshindikana. Bila hiyo shauri la talaka halipokelewi, ukiacha mazingira machache. Usitoke bila hiyo karatasi Kulwa, na uangalie ina sahihi.

Baada ya hapo inategemea kesi inafunguliwa wapi. Mahakama ya mwanzo unaweza kumwomba hakimu aruhusu ndugu yako au mtu wa nyumbani kwako akusemee. Mawakili zamani huko hawakuingia kabisa. Tangu marekebisho ya 2021 wanaingia, ila pale tu anapokaa hakimu mkazi, yule mwenye shahada ya sheria. Baba Juma akikimbilia mahakama ya wilaya, hapo huyo wakili wake atasimama kweli, na undugu wa shangazi hautoshi.

*Kulwa:* Si uje wewe basi, unajua sheria.

*Mama Neema:* Mimi msaidizi wa kisheria, mahakamani siruhusiwi kumwakilisha mtu. Kukushauri na kukusaidia kuandika, sawa, tena bure. Ukihitaji wakili na hela huna, kuna mashirika ya msaada wa kisheria yaliyosajiliwa, nitakupeleka. Ila hata ukisemewa, ya ndani ya nyumba shahidi ni wewe. Matunzo ya watoto, nani alilipia kile kiwanja cha Buswelu, shangazi hayajui hayo.

*Kulwa:* Risiti za mabati ninazo, zina jina langu.

*Mama Neema:* Eeeh! Njoo nazo jioni, na cheti cha ndoa.

*Shangazi Tabu:* Lukas mbona kimya?

*Mjomba Lukas:* Yule kijana nilishamtumia kianzio.

*Shangazi Tabu:* Kamdai leo leo. Hiyo ndiyo nauli yetu ya Alhamisi.