Cherehani, saa au doti ya kanga: kipi kiuzwe, kipi kibaki?

Mchuuzi wa Kongowea
Assalaam alaykum. Kazi yangu ni mitumba ya nguo, lakini tangu mwaka jana nimekuwa nikinunua pia vitu vikuukuu kwa familia zinazohama nyumba Mji wa Kale, Mombasa, kwa nia ya kuviuza tena. Vitatu vimekataa kutoka. Wanunuzi wapo, ila mimi mwenyewe, kila anapofika mteja, hupandisha bei mpaka aondoke. Cha kwanza ni cherehani ya Singer ya mkono niliyoipata kwa shilingi 4,500, na nimeshapewa 9,000 nikakataa. Cha pili ni saa ya mkononi, aina ya Seiko 5, ya shilingi 2,000. Cha tatu ni doti ya kanga ya shilingi 600, yenye jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtaji umekwama na robota linanisubiri. Nikibakisha kimoja tu, kiwe kipi?

Fundi wa Kisauni
Wa alaykum salaam. Cherehani iuze. Namba iliyopigwa kwenye kitako chake, upande wa kulia, itakuambia umri: yenye tarakimu tupu ni ya kabla ya 1900, yenye herufi mwanzoni ni ya baadaye. Hata hivyo umri pekee haupandishi bei, kwa sababu kiwanda cha Clydebank kule Scotland, kilichofungwa 1980, kilikuwa kimeshatoa mamilioni. Fungua kibati karibu na sindano uangalie kinachobeba uzi wa chini. Kikiwa na umbo la mtumbwi, vipuri vyake ni taabu. Kikiwa cha duara, bobini utazipata na fundi yeyote ataichukua. Gurudumu likiwa zito usilitumie nguvu. Tia mafuta ya cherehani uiache mpaka kesho, kwani chumvi ya hewa yetu hushika chuma polepole.

Mhasibu wa Tudor
Ndugu, hesabu yako ina kasoro. Ulipokataa 9,000, ulijiuzia cherehani kwa 9,000; zile 4,500 zimeshapitwa. Jiulize kama leo ungetoa fedha hizo mfukoni kuinunua. Kuhusu saa, geuza mgongo wake usome namba ya mfululizo: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka iliyoundwa na inayofuata ni ya mwezi, ila Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa O, N na D. Muongo hauonyeshwi, hivyo itambue mashine yenyewe ya ndani. Mashine ya 7S26, kwa mfano, haikuwapo kabla ya 1996. Kisha linganisha tarakimu nne za mashine zilizo mgongoni na maandishi madogo mno yaliyo chini ya uso wa saa. Zikitofautiana, saa hiyo imeunganishwa vipande vya saa mbili, na mnunuzi anayejua atakukata bei.

Bi wa Kuze
Mwanangu, wenzako wamesema ya chuma na kuisahau nguo. Je, vipande viwili vya doti hiyo bado vimeshikana, au vimekatwa na kupindwa? Ikiwa havijakatwa, haijavaliwa hata siku moja, na kanga za maandishi ya Kiarabu hazipatikani tena dukani tangu herufi za Kirumi zishike. Usiianike juani wala usiifunge kwenye plastiki, itaota ukungu. Izungushie shuka safi ya pamba. Mimi nilinunua dele la shaba niliuze, na hadi leo ndilo ninalopikia kahawa kila Ramadhani. Sijutii, ingawa mume wangu bado hunikumbusha bei.

Mchuuzi wa Kongowea
Ahsanteni, na shukrani za pekee kwako, Bi. Saa ina mgongo wa mashine moja na uso wa nyingine. Nimemweleza mnunuzi ukweli, akatoa 1,800, nikapokea hasara yangu. Cherehani ina mtumbwi, lakini aliyetaja 9,000 alikuwa nao wa akiba nyumbani, akarudi jana. Doti haijakatwa. Nilimpelekea mama anisomee jina, akalisoma kimoyomoyo, akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaikunja na kuiweka kabatini mwake bila kunieleza limeandikwa nini.