Kambale na sato wakubwa katika bwawa la nje huku nyanda za juu: inawezekana?

Mwenye Bwawa, Njombe

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Ninaomba ushauri wa wenye ujuzi wa kufuga samaki kwenye maeneo ya baridi. Nyuma ya nyumba yangu hapa Njombe nimechimba bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kina cha mita 1.2, nikalitandika nailoni nzito. Maji nayapata kwenye mfereji unaoteremka kutoka msituni, nayo huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili usiku na mchana. Sikusudii kuvuna samaki wakiwa wadogo. Ninataka kambale wafikie kilo tatu na kuendelea, na sato wapite kilo moja, kwa sababu ninapenda kuwalea samaki hadi waonyeshe ukubwa wao wa kweli.

Joto la maji nimeshalipima. Mwezi huu wa Juni, saa 12 asubuhi huwa nyuzijoto 15, na saa 9 alasiri hufika 19 jua likiwaka vizuri, lakini siku za ukungu hayafiki hata 17. Jirani mmoja ananishauri nichimbe hadi mita 3 ili samaki wapate joto kule chini nyakati za usiku, na mwingine anasema nifunge hita ya umeme. Vifaranga bado sijanunua. Naomba mnielekeze.

Mgani Mstaafu, Mbeya

Ndugu yangu, umefanya vyema kupima kwanza, maana wengi hununua vifaranga Novemba wakati maji yana joto, kisha Juni wanashangaa kuwaona wanaelea.

Sato hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzijoto 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 hukua kwa shida sana na huacha kuzaa, yakifika 16 hivi hususia chakula, na yakikaa kwenye 10 au 11 kwa siku kadhaa hufa. Kambale naye hupenda joto hilo hilo, ila ustahimilivu wake ni mkubwa zaidi, na ndiyo maana anapatikana kuanzia mto Orange kule Afrika Kusini hadi mto Yordani. Hata hivyo, kustahimili ni jambo moja na kukua ni jambo jingine. Kwa nyuzi 15 hadi 19 kambale wako watakuwa hai, lakini watatulia chini bila kuongezeka uzito.

Sasa nije kwenye ushauri wa kuchimba mita 3, ambao nimeusikia mara nyingi na ambao unatokana na nchi za theluji. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo katika nchi hizo barafu hukaa juu na maji ya nyuzi 4 hukaa chini, na samaki wa baridi hujihifadhi humo. Kwetu maji hayafiki huko. Yakiwa juu ya nyuzi 4, maji yanayopoa huwa mazito kuliko yale yenye joto, hivyo usiku tabaka la juu hupoa, huzama, na kusukuma maji ya vuguvugu yapande nayo yapoe. Alfajiri sakafu ya bwawa ndiyo mahali penye baridi kuliko pote. Kina kikubwa kina faida moja tu, nayo ni kwamba maji mengi hubadilika joto polepole. Lakini polepole hiyo hiyo itakusumbua asubuhi, kwa kuwa jua la saa chache halitoshi kuyapasha. Baki na mita 1.2, na upande unaopata jua la mchana jenga ngazi yenye kina cha sentimita 60. Utaona samaki wakubwa wakikusanyika hapo alasiri.

Tatizo lako kubwa, kwa maoni yangu, ni ule mfereji. Maji yanayotoka kwenye kivuli cha msitu yanaingia usiku kucha na kuyasukuma nje yale yaliyoota jua mchana kutwa, kwa hiyo joto lote unalolipata bure unalitoa kwa mlango wa pili. Ufunge. Ongeza maji alasiri tu, kiasi cha kufidia yanayokauka na yale unayoyatoa kwa ajili ya usafi. Kisha rekebisha njia ya kutolea maji: simamisha bomba la inchi 4 kwenye tundu la sakafu, kimo chake kiwe sawa na usawa wa maji unaoutaka, halafu livishe bomba la inchi 6 lililotobolewa matundu sehemu ya chini na linalochomoza juu ya maji. Kwa mpangilio huo bwawa likijaa litapunguza maji ya sakafuni, ambayo ni ya baridi na yenye kinyesi, badala ya yale ya juu yenye joto.

Ukishafunga mfereji, idadi ya samaki lazima iwe ndogo, kwa sababu hutakuwa na maji mapya ya kubeba uchafu. Lisha alasiri pekee, na maji yakiwa chini ya nyuzi 18 usitupe chakula kabisa, kwani kitazama na kuoza. Vilevile kati ya Juni na Agosti usiwavue kwa nyavu. Samaki aliyechubuka wakati wa baridi hushikwa na ukungu mweupe kama pamba, na kinga yake inakuwa dhaifu mno kuushinda.

Mkulima wa Kinangop, Kenya

Niongezee kuhusu hita. Kupasha mita moja ya ujazo wa maji kwa nyuzi moja tu kunahitaji takriban uniti 1.16 za umeme. Bwawa lako lina karibu mita za ujazo 58, kwa hiyo kila nyuzi moja ni uniti 67 hivi, na ukitaka kulitoa 15 hadi 20 utatumia zaidi ya uniti 330, kabla hujahesabu joto linalopotea kila usiku. Nasikia kwenu Tanzania mtumiaji mdogo wa nyumbani huwekwa kwenye kundi la uniti 75 kwa mwezi mzima, basi jipimie mwenyewe.

Joto la kununua halilipi, ila joto la bure linalipa. Kule Menengai, Nakuru, Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi ilijenga mabwawa ya majaribio ya samaki yanayopashwa kwa jotoardhi, na katika bonde la Hagerman, jimbo la Idaho nchini Marekani, sato na kambale hufugwa kwa maji ya moto ya ardhini huku nje kuna theluji. Asiye na chemchemi ya moto karibu atumie jua.

Mwenye Bwawa, Njombe

Nawashukuru sana, wakuu. Mfereji nitaufunga wiki hii. Naomba kuuliza mambo mawili: je, nikijenga kitalu nyumba juu ya bwawa nitapata ongezeko la maana? Na je, niachane na sato nibaki na kambale peke yake?

Msomaji wa Ughaibuni, Ujerumani

Kaka, kwa kuwa naishi kwenye baridi kali kuliko ya Njombe, nitakueleza ninachokiona huku. Kambale huyu wa Afrika anafugwa Uholanzi na Ujerumani, lakini ndani ya majengo yenye maji ya mzunguko, na baadhi ya mashamba ya Ujerumani hutumia joto la ziada la mitambo ya gesi ya samadi. Wapenda samaki wenye mabwawa ya nje huwatoa samaki wa kitropiki majira ya kiangazi tu, kisha huwarudisha ndani maji yanapokaribia nyuzi 18. Anayetaka samaki wakubwa wakae nje mwaka mzima hufuga koi, samaki wa mapambo wa jamii ya kapu, ambao huvumilia majira ya baridi chini ya barafu.

Kitalu nyumba kitakusaidia, na msaada wake mkubwa ni wa usiku. Bwawa hupoteza joto hasa kupitia uso wake, kwa maji kugeuka mvuke na kwa uso huo kupoa chini ya anga jeupe lisilo na mawingu. Nailoni hupunguza yote mawili. Ukishindwa gharama za kitalu, tandaza nailoni inayoelea juu ya sehemu kubwa ya maji kila jioni na uikunje asubuhi, ukiacha nafasi ya wazi upande mmoja. Nafasi hiyo ni ya lazima: kambale huja juu kuvuta hewa, na asipoipata anaweza kufa. Kwenye kitalu acha madirisha ya juu, kwa kuwa katika mwinuko wenu maji hubeba oksijeni pungufu kuliko maji ya joto hilo hilo pwani, na sato, tofauti na kambale, hutegemea hiyo pekee.

Mimi ningeanza na kambale. Ningepandikiza vifaranga waliokwisha kukomaa kiasi mwezi Septemba, niwalishe sana Oktoba hadi Aprili, nivune wengi mwezi Mei, na nibakize wachache walio wakubwa wapite kipupwe chini ya nailoni. Hao wachache ndio watakaokufikisha kwenye kilo unazozitamani, kwa misimu kadhaa.

Mgani Mstaafu, Mbeya

Nakubaliana na ndugu wa Ujerumani. Ukiamua kuweka sato baadaye, funga wavu wa matundu madogo kwenye njia ya kutolea maji kabla ya kuwaleta. Mito ya Njombe huteremka ama Ziwa Nyasa ama bonde la Rufiji, ambako kuna perege wa asili, na sato akitoroka huzaana nao na kuharibu mbegu yao. Wavu huo ukaguliwe kila baada ya mvua kubwa, kwa sababu majani huuziba na maji hutafuta njia ukingoni.