Tupeane uzoefu: kuchimba visukuku vya samaki na mimea ya kale, Kemmerer na Mazon Creek

Jiwe Bapa (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Msimu wa kuchimba visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa kwenye mawe, umekaribia na maswali ni yale yale: niende wapi, nibebe nini, kwa nini samaki wangu ametoka vipande vitatu. Tukusanye majibu yote hapa, kwa vipimo na hatua. Tuanze na sehemu mbili ambazo sisi tulio Marekani tunazifikia kwa gari: Kemmerer, Wyoming, kwa samaki, na Mazon Creek, Illinois, kwa mimea.

Kemmerer palikuwa na ziwa miaka kama milioni 52 iliyopita. Tope laini la chokaa lilitua chini kidogo kidogo, tabaka jembamba juu ya jembamba, likawafunika samaki kabla hawajasambaratika. Ndiyo sababu jiwe la pale hufunguka kama kurasa. Jirani kuna Fossil Butte National Monument, hifadhi tangu 1972, na humo huokoti hata kipande. Ila pita kwanza kwenye jumba lao la maonyesho, kwa sababu jicho lililokwisha kumwona samaki kwenye jiwe humtambua haraka machimboni.

Kuchimba kunafanyika kwenye machimbo ya watu binafsi, unalipia kwa saa au kwa siku, majira ya joto tu. Kabla hujatoa hela uliza: samaki gani naondoka nao? Zana mnatoa? Kuna msumeno wa kupunguza jiwe? Kwa kawaida samaki wa kila siku ni wako, lakini ndege, popo, kasa, mamba na vitu vingine adimu hubaki kwa mwenye machimbo au kwa jimbo, kulingana na ardhi ni ya nani. Soma unachosaini. Pale ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hakuna kivuli, na jiwe jeupe linarudisha jua usoni. Maji lita 4 kwa mtu kwa siku si mengi.

Patasi Bapa

Mkuu umeanza vizuri. Niingie kwenye kupasua, maana samaki wengi huharibikia hapo.

Nyundo ya gramu 600 hivi inatosha, nzito zaidi inavunja. Patasi mbili au tatu zenye makali mapana, sm 5 hadi 7, na bapa lake liwe jembamba. Patasi ya fundi mwashi yenye ncha nene haifai, inafanya kazi ya kabari kabla ufa haujatembea. Ongeza kisu cha puti, brashi laini, miwani ya kukinga macho, glavu na barakoa.

Lisimamishe bamba kwa ubavu. Tafuta mstari wa tabaka kwenye ukingo, weka makali hapo, gonga kidogo. Sogea sm 5, gonga tena. Zunguka ukingo wote, kisha rudia mzunguko wa pili kwa nguvu ile ile. Usishindilie sehemu moja. Sikiliza sauti: jiwe zima linalia kwa ukali, likianza kuachia sauti inakuwa nzito, kama kugonga kitu chenye uwazi ndani. Hapo ingiza patasi ya pili upande mwingine na uzisogeze zote mbili kwa pamoja. Ukitumia moja kama mtaimbo, bamba linakatika katikati, na aghalabu samaki yupo hapo hapo.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi: pasua katikati ya unene siku zote. Bamba la sm 10 ligawe 5 kwa 5, kisha 2.5 kwa 2.5. Ukijaribu kubandua sm 1 kutoka kwenye sm 9, ufa unakimbilia upande mwembamba na kutokea nje, unabaki na kigae.

Samaki akitokea, simama. Usimpige brashi akiwa na unyevu, mifupa inaondoka na tope. Pande zote mbili zina sehemu yake, hivyo ziandike namba moja, na mshale wa juu, kabla hujazitenganisha. Weka kivulini zikauke taratibu. Bamba jembamba likikaushwa juani linajikunja na kuachia kurasa zake.

Kuna matabaka mawili yanayochimbwa zaidi. Lile la samaki wa kupasuka ndilo la wageni: samaki anaonekana papo hapo. Lile lenye unene wa inchi 18, yaani kama sm 45, lina samaki weusi wazuri mno, lakini jiwe halifungukii juu ya samaki. Unaona mwinuko tu wa uti wa mgongo chini ya ngozi ya jiwe, na mwinuko huo huonekana kwa mwanga wa pembeni. Ndiyo maana wachimbaji wake hufanya kazi usiku na taa zilizolazwa chini. Kumtoa ni saa nyingi za sindano na mashine ya kupuliza unga wa kukwangua jiwe. Asiye na vifaa aliache.

Mgeni wa Mawe

Asanteni wakuu. Nikishampata, nitamjuaje ni samaki gani?

Patasi Bapa

Angalia mapezi kabla ya kitu kingine.

Mdogo, mwembamba, wengi mno, mara nyingi chini ya sm 15: Knightia. Ni kundi moja kubwa na dagaa wa Kigoma (dagaa wa Mwanza ni ukoo mwingine kabisa). Ndiye kisukuku rasmi cha Wyoming tangu 1987.

Anafanana na Knightia lakini mdomo umeelekea juu, na pezi la chini ni refu, linaanzia tumboni hadi karibu na mkia: Diplomystus. Wachanga wake wanawachanganya watu kila mwaka, na ukubwa hautakusaidia. Pezi hilo ndilo la kuamini.

Mviringo kama perege, miiba mikali mgongoni: Priscacara. Mapezi mawili ya mgongoni yaliyotengana, mwili wa samaki mwindaji: Mioplosus, ambaye wakati mwingine hukutwa na samaki mwingine mdomoni. Meno makubwa yaliyochongoka, mapezi yamesogea nyuma: Phareodus. Huyo ukimwona mwite msimamizi kabla ya kugonga tena.

Kitumbua cha Mawe

Samaki wameshasemewa, naomba nafasi ya mimea.

Mazon Creek ni kilomita kama 100 kusini magharibi ya Chicago. Visukuku vyake vina miaka kama milioni 309, enzi ya misitu ya kinamasi iliyotupa makaa ya mawe. Havipo kwenye mabamba, vimo ndani ya vinundu, yaani vijiwe vya mviringo, vya saideraiti, madini ya chuma. Jani lilizama kwenye tope, uozo wake ukabadilisha kemia ya maji yaliyolizunguka, madini yakaganda kulizunguka kabla tope halijabanwa. Machimbo ya makaa ndiyo yaliyovitoa juu, na leo tunaokota kwenye vilima vya mabaki.

Mahali pa wazi kwa umma ni Mazonia-Braidwood. Unahitaji kibali cha idara ya maliasili ya Illinois, na msimu ni Machi 1 hadi Septemba 30. Baada ya hapo ni wakati wa wawindaji, usiingie. Nenda mapema, nyasi zikishapanda huoni kitu, na nenda baada ya mvua kubwa.

Okota chenye umbo la kitumbua: kimetuna kote kuwili, ukingo umezunguka sawasawa, rangi ya kutu. Chenye pembe na kilichovimba upande mmoja mara nyingi hakina kitu. Hata hivyo vingi vitakuwa vitupu, kubali hilo mapema.

Sasa msipige nyundo! Nyundo inakata njia iliyo rahisi kwake, si njia ya jani. Tumia friza. Osha tope lote. Loweka vinundu kwenye ndoo ya maji wiki moja au mbili. Hamishia kwenye vyombo vidogo vya plastiki, maji yafunike kwa sm 1 tu, usiweke kifuniko cha kubana. Gandisha usiku mzima, yeyusha mchana kwa joto la chumba, rudia. Maji hupenya kwenye udhaifu ulioachwa na jani, yakiganda yanavimba karibu asilimia 9 na kusukuma ufa. Vingine hufunguka mara ya tatu, vingine mara ya 50. Baada ya kila mizunguko mitano gonga ukingo kidogo kwa nyundo ya gramu 200. Kisipoachia, rudisha.

Kinachokwamisha: kuacha vikauke katikati ya mizunguko, kwa sababu bila maji ndani barafu haina pa kusukuma. Kinachoharibu: maji ya moto juu ya kinundu kilichoganda. Kinapasuka kweli, lakini kwa kukatiza.

Kutambua: vijani vyenye umbo la ulimi vilivyoshikana na kikonyo kwa nukta moja ni Neuropteris. Vilivyoshikana kwa upana wote wa kitako, vimepangana kama meno ya kitana, Pecopteris. Nyota za majani zinazozunguka kijiti ni Annularia. Shina lenye mistari na vifundo kama mwanzi ni Calamites, na gome lenye alama za umbo la almasi kama ganda la nanasi ni Lepidodendron.

Na msitupe vile visivyo na mmea. Mazon Creek imetoa vifaranga vya samaki aina ya silikanti, Rhabdoderma, vikiwa bado na kifuko cha kiini cha yai tumboni. Ni jamii ya yule yule anayenaswa na wavuvi wa Tanga, ambako hifadhi ya bahari kwa ajili yake ilitangazwa 2009. Kinundu chenye kivuli kirefu usichokielewa, funga nusu zote mbili pamoja kwa mpira na upeleke makumbusho. Field Museum ya Chicago wana mkusanyiko mkubwa wa eneo hilo.

Gundi na Brashi

Dada Kitumbua, hapo kwenye nusu mbili niongeze kuhusu gundi.

Nunua Paraloid B-72, punje za plastiki angavu zinazoyeyuka kwa asetoni. Ya kuimarisha mifupa inayomeguka: gramu 5 ndani ya mililita 100. Ya kuunganisha vipande: nzito, gramu 50 kwa kiasi hicho hicho cha asetoni. Zitie punje kwenye kitambaa cha wavu, zining'inize ndani ya chupa ya kioo usiku kucha. Ukizimwaga chini zinashikana bonge. Fungua madirisha, na usiwe karibu na moto.

Jiwe liwe limekauka kabisa. Ukipaka penye unyevu panakuwa na ukungu mweupe. Sababu ya kuchagua gundi hii ni moja: asetoni inaiondoa miaka 20 baadaye. Vanishi inageuka njano, na gundi ya kushika papo hapo ukikosea hairudi nyuma.

Jiwe Bapa

Kusafirisha: mabamba yasimame wima kwenye kreti kama sahani kabatini, magazeti katikati. Ukiyalaza kwa mrundo, la chini linabeba mtikisiko wa njia nzima. Lebo iwe na machimbo, tabaka na tarehe, na namba ile ile iandikwe nyuma ya jiwe.

Mgeni wa Mawe

Na nyumbani je? Nikienda likizo Tanzania naweza kuchimba?

Gundi na Brashi

Hapana, ndugu. Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya ile ya makumbusho na urithi ya 2006. Bila leseni huchimbi wala husafirishi nje, hata kwa kisukuku kidogo.

Na hazina ipo. Mahenge, mkoani Singida, palikuwa na ziwa kwenye shimo la volkeno miaka kama milioni 46 iliyopita. Wametoka humo samaki wa jamii ya perege, Mahengechromis, na mwingine aliyepewa jina la mkoa wenyewe mwaka 1967, Singida jacksonoides. Mimea pia.

Ukikutana na kitu, usikibandue. Piga picha tatu: moja ya karibu na sarafu ya shilingi 200 pembeni, moja ya hatua mbili nyuma ikionyesha tabaka, moja ya mandhari yote. Chukua namba za mahali kwenye simu, peleka kwa Makumbusho ya Taifa au ofisi ya mambo ya kale. Kama kimeshaanguka njiani, kiache kilipo, ila piga picha pia ya mteremko ulio juu yake, kwa kuwa huko ndiko tabaka lake lilipo.