Mrejesho: mafunzo ya vijana wapya karakanani

Ahsanteni nyote. Niliuliza kama karakana ndogo ya milango hapa Lamu, yenye wafanyakazi sita, yaweza kusaidiwa kuwafundisha vijana wawili wapya. Yawezekana, kupitia NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), mradi ada ya mafunzo iwe inalipwa: shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka kwa watu sita. Ada ni ya mwajiri, usimkate kijana.

Kinachowaponza wengi ni mpangilio. Kibali cha NITA huombwa kabla ya kozi kuanza, na mkufunzi awe amesajiliwa na NITA. Ukishafundisha ndipo uombe kibali, dai halina miguu. Mwajiri hulipa kwanza, kisha hudai kurejeshewa, kwa hiyo pesa ya kuanzia uwe nayo. Risiti iandikwe jina la biashara, si "Mzee wa karakana", na daftari la mahudhurio litiwe sahihi kila siku, si siku ya mwisho kwa kalamu moja.

Fundi aliyejifunzia kazini bila cheti afanye mtihani wa ufundi wa NITA, daraja la tatu kwanza. Kwa useremala naona huo unafaa kuliko semina za hotelini.