Re: Barua ya kutopiga kura South Brisbane: nilipe au nijieleze?

Kijana wa Moorooka:
Shikamooni wakubwa, hamjambo wenzangu. Naomba msaada. Rafiki niliyekaa naye Vulture Street, West End, hapa Brisbane, Australia, amenitumia picha ya barua ya serikali yenye jina langu. Inasema sikupiga kura ya Oktoba 26, 2024, na hapa kupiga kura ni lazima. Mimi nilipiga! Nilikwenda shule ya hapa Moorooka, nikapanga foleni, jina halikuonekana, dada wa mezani akanipa karatasi nyingine na bahasha, nikajaza, nikatia sahihi. Uraia nimeupata juzi tu, hii ilikuwa kura yangu ya kwanza duniani. Je, nilipe faini yaishe au niandike maelezo? Na nikiandika, jimbo langu ni lipi?

Mama wa Annerley:
Pole mwanangu. Mimi ilinipata 2020, mtoto ana siku nne, nani angekumbuka kura? Nikaandika sababu, wakanyamaza. Lakini wewe ulipiga, kwa hiyo kesi yako ni tofauti na yangu. Jimbo la West End ni Griffith, andika hivyo.

Mzee wa Highgate Hill:
Mama, samahani, usimpoteze kijana. Griffith ni ya bunge la Australia nzima, kule Canberra, ile ya zamani ya Kevin Rudd, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia. Ukisikia The Gabba, hiyo ni kata ya diwani wa jiji. Kura ya Oktoba ilikuwa ya bunge la Queensland, na huko West End iko South Brisbane, pamoja na Highgate Hill, Dutton Park, Woolloongabba na Kangaroo Point. Tatizo ni Kiswahili chetu: Queensland tunaiita jimbo, South Brisbane nayo jimbo. Moorooka ni jimbo la Miller. Ukihama, ukikaa mwezi mmoja anwani mpya, badilisha daftari.

South Brisbane lina wabunge tangu uchaguzi wa kwanza wa Queensland, 1860. Vince Gair alilishika kuanzia 1932, akawa waziri mkuu wa Queensland 1952. Mwaka 1957 chama chake cha Labor kikamfukuza, akaunda chake, na 1960 wapigakura wa hapa hapa wakamwondoa. Miaka 28! Na hii lazima ya kupiga kura, Queensland ndiyo iliyoanza Australia nzima, 1915.

Dada wa Logan:
Mzee umesahau wanawake. Anna Bligh alilishika 1995 hadi 2012. Akafuata Jackie Trad wa Labor, aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu wa Queensland, na 2020 chama cha Greens kikamng'oa. Hapa mpigakura huwapanga wagombea kwa namba, na kilichomwangusha ni chaguo la pili la wapigakura wa LNP, chama cha kihafidhina, kwa sababu chama chao kiliwaelekeza waweke Greens juu ya Labor. 2024 LNP wakageuza maelekezo, Labor ikarudi. Kijana, ulijaza namba kwenye visanduku vyote? Ukiacha visanduku bila namba, kura huenda haihesabiki.

Mama wa Annerley:
Swali lake ni faini, si visanduku. Na mimi nilisema Griffith kwa nia njema.

Mzee wa Highgate Hill:
Hakuna aliyekutukana, mama. Sikumsahau Bligh, nitamsahauje? Januari 2011 mto ulipofurika tulikuwa tumepanga karibu na Montague Road, West End. Nyumba ya mbao juu ya nguzo, maji yakaingia chini yake, yalipotoka yakaacha mstari wa tope ukutani, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Majirani Wagiriki, wazee kunishinda mimi, walikuja na ndoo na chai. Bligh alikuwa waziri mkuu, na jimbo lililozama lilikuwa lake mwenyewe. Siku ile nilikumbuka Ujiji, ziwa likipanda na watu wanahamisha magodoro bila kuitana.

Watoto wangu huwa nawaambia jambo moja zaidi. Boundary Street mnayopita kununua mkate, jina lake linatokana na mpaka: wenyeji wa nchi hii walizuiwa kukaa ndani ya mji jioni na Jumapili. Musgrave Park, wanapokusanyika mpaka leo, iko hatua chache tu. Mtu asijivunie jimbo hili bila kulijua hilo.

Dada wa Logan:
Nimeishi Brisbane miaka kumi na mmoja, sikuwa nalijua. Ahsante mzee.

Kijana wa Moorooka:
Ahsanteni sana. Visanduku nilijaza vyote, 1 mpaka mwisho. Mwisho wa kujibu ni Ijumaa. Niandike kwamba nilipiga Moorooka kwa bahasha? Au nianze na anwani?

Mama wa Annerley:
Njoo kwangu Alhamisi baada ya kazi, uje na ile picha, tuisome pamoja. Nitapika ugali na dagaa. Mzee, dagaa hawa si wa Kigoma, usianze.

Mzee wa Highgate Hill:
Nitakuja na mimi. Wa Kigoma ninao nusu kilo, dada yangu aliniletea.